Maswali Yamebadilishwa Bila Taarifa

Kwa Daktari Mkuu,
Utafiti wa Afya ya Ubongo wa Wazee,
Mjini.

Yah: Kuonewa kwa kijiji cha Tavarekoppal katika mtihani wa mwaka huu, na hasa mke wangu

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta na akili zako timamu, maana ndizo kazi yako. Mimi ni Chikkaveeraiah, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nusu ya watu wa hapa nimewafundisha, na nusu iliyobaki nimewachapa. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimekasirika na sitaki kukuficha.

Mwaka juzi vijana wako walikuja kuwapima wazee wetu kumbukumbu, na kuwauliza habari za usingizi, chakula, sigara na moshi wa jikoni. Tukapata alama za wastani. Mwaka jana tukafaulu wote. Mwaka huu tumeanguka karibu wote, na jana imeletwa karatasi ya mke wangu, Thayamma, inayosema kumbukumbu yake imepungua sana na aletwe hospitali kwenu. Naomba karatasi hiyo isahihishwe upya, kwa sababu zifuatazo.

1. Mmebadilisha maswali. Maneno ya kukumbuka yalikuwa ndizi, kengele, mto. Mwaka juzi, vijana wako walipogeuza gari tu, nilifungua tuisheni barazani kwangu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya baada ya kuona kijiji chake kina mtihani. Wazee walikuja kila jioni. Walikariri wakaiva. Mwaka huu binti yenu Roopa, yule anayeuliza maswali, katuletea shati, taa, ng'ombe! Jirani yangu Javaraya alikwishasema "ndizi, kengele, mto" kabla hajakaa, na alipoulizwa jina lake akarudia yale yale. Mtu kakariri miaka miwili, mnampa sifuri. Hapo haki iko wapi?

2. Mmebadilisha hata siku. Mwaka jana mlikuja Jumatatu. Kwa hiyo swali la "leo ni siku gani" tulilifundisha kwa jibu lake sahihi, yaani Jumatatu. Mwaka huu mkaja Alhamisi bila kutuarifu. Wazee wote wakajibu Jumatatu kwa sauti moja, bila kusitasita, nami nilijivuna mlangoni. Nasikia kompyuta yenu imeandika kwamba kijiji hiki hakijui siku za wiki. Tunazijua. Tatizo ni mtahini asiyefuata ratiba.

Kuhusu lile swali la kutoa saba kutoka mia, kisha saba tena na tena, sina lawama. Hilo hamkuligusa. Tunaliimba mpaka mwisho, na wajukuu wanalala kwa wimbo huo.

3. Mashine ya moshi. Mlituning'inizia jikoni kimashine cha kupima moshi, mkasema moshi wa kuni unaharibu ubongo. Tukasikia, tukazingatia. Wiki ile nzima familia yangu ilipikia kwa Javaraya, ili mashine yetu isione aibu. Ikatokea kwamba na Javaraya alikuwa na mashine yake, hivyo yeye akapikia kwetu. Sasa mnaniambia jiko langu limetoa moshi wa kutosha nyumba mbili! Moshi ule ni wa Javaraya, pamoja na sigara zake za kusokota. Naomba aandikiwe yeye. Jiko la gesi tunalo, lipo sebuleni, limefunikwa kitambaa safi, na halijatoa moshi hata mara moja tangu linunuliwe.

4. Maswali ya maisha. Hapa ndipo niliposhangaa kabisa. Kila mzee alijibu kwamba analala usingizi wa kutosha, hagusi tumbaku, hali chumvi nyingi, anatembea kila asubuhi na ana watu wa kuongea nao. Ni majibu bora kabisa, nimeyasahihisha mwenyewe. Roopa akaweka kalamu chini akaniambia, "Mwalimu, hatutaki majibu mazuri. Tunataka majibu yenu." Nikamwuliza, sasa nyinyi mnapima nini? Akasema mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. Mheshimiwa, nimefundisha mpaka nywele zimeniisha, sijapata kuona mtihani usio na kufeli. Kama hakuna kufeli, mbona Thayamma kafeli?

5. Thayamma mwenyewe. Mwaka juzi alikosa neno moja tu, lile la mto, na mimi sikupenda. Tuisheni niliifungua kwa ajili yake, wengine walidandia. Nimemfundisha asubuhi akisonga ugali wa ulezi, nimemfundisha akichambua dengu, nimemfundisha tukienda kisimani. Ukimtajia ndizi akiwa usingizini, anakujibu kengele. Mwaka jana alipata alama zote, na Roopa alimpigia makofi. Sasa mwanafunzi wa namna hiyo kumbukumbu yake inapunguaje? Ni kweli siku hizi anaweka chumvi mara mbili, na juzi alivaa kandambili za Javaraya mpaka hekaluni. Lakini hayo hayamo kwenye muhtasari wa mtihani wenu, nimeangalia.

6. Kwa hiyo naomba: muhtasari kamili wa mtihani, maswali ya miaka yote iliyopita, na taarifa mapema ya siku mtakayokuja. Kama haya ni mazito, basi toeni alama za huruma kwa kila aliyepikia kwa jirani. Na kama hilo nalo haliwezekani, mimi mwaka huu nimepata alama zote. Zikateni katikati, nusu mpeni Thayamma. Tumekula sahani moja tangu nilipokuwa sina hata ndevu, sioni kwa nini alama ziwe mbali mbali. Wote wawili tutakuwa wastani, na wastani unatutosha.

Wasalimie madaktari wenzako, msalimie dereva, na Roopa pia, mwambie sina kinyongo naye. Javaraya anakusalimu, anauliza kama ile sifuri inaweza kufutwa kabla mkwewe hajaiona.

Ni mimi mwenye malalamiko ya haki,
Mwalimu Chikkaveeraiah

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha, Thayamma akatoka jikoni. Akanisalimu kwa adabu sana, kama anavyosalimiwa mgeni. Akaniambia, "Mume wangu bado yuko shuleni, kaka, lakini hakawii. Keti umsubiri, nikuletee kahawa." Nikaketi. Kahawa akaileta, nikanywa, tukasubiri pamoja.

Mheshimiwa, malalamiko yote hapo juu nayafuta. Alama za mwaka huu ni zake. Zile za mwaka jana zilikuwa zangu. Kesho tunapanda basi la asubuhi tuje huko kwenu. Mwulizeni maneno yoyote mnayotaka, siku yoyote, kwa mpangilio wowote, sitafungua mdomo. Naomba swali moja tu msimwulize nikiwepo: huyu uliyekuja naye ni nani.