Tanuu la Chokaa la Mlingotini Laomba Kibali cha Atomiki

Mlingotini, Bagamoyo
11 Februari 1958

Kwa Bwana Mkaguzi wa Vibali vya Matanuu,

Baada ya kukutakia afya njema, wewe na wote wanaoshinda na wino ofisini kwako, mimi Mwinyimvua bin Kombo, mwalimu mstaafu, niliyechaguliwa na wazee wa hapa kuwa mwandishi wa tanuu, naleta malalamiko yetu. Nayaleta kwa adabu, maana barua yako ya mwisho ilisema malalamiko yasiyo na adabu yana fomu yake.

Bwana Mkaguzi, ukuta wa kibla wa msikiti wetu umebanduka hadi mawe yanaonekana. Masika yakiukuta hivyo utaanguka, na Ramadhani tutaswali tarawehe huku tukinyeshewa. Dawa yake ni chokaa. Tangu Julai tumepanga magogo ya minazi kwa duara na kupandisha juu yake mawe ya matumbawe, kama walivyofanya babu zetu. Kilichobaki ni kuwasha, nasi tukakuomba kibali. Ndipo ulipotuletea vitabu vinne vya kumbukumbu, ukaeleza kwamba ulipokuwa likizo Ulaya ulisikia jinsi wenye matanuu ya atomiki wanavyotakiwa kuandika na kuripoti kila jambo ndipo wapewe kibali, ukaona utaratibu huo utatufaa na sisi.

Naomba nieleze kidogo, kwa faida ya makarani ambao huenda hawakusoma habari hizi gazetini. Atomi ni chembe isiyoonekana kwa macho. Ikipasuliwa hutoa joto, joto huchemsha maji, mvuke wake huzungusha mashine, na mashine hutoa umeme; ila atomi iliyopasuliwa huacha sumu iingiayo watu mwilini. Jiwe letu huonekana kwa macho, na likichomwa hutoa chokaa. Niliwaeleza hivi wazee wenzangu, wakaelewa mara moja.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Kitabu cha kwanza chataka joto la tanuu liandikwe asubuhi, adhuhuri na jioni, liwe linawaka au haliwaki. Haliwaki. Nimeandika "baridi" zaidi ya mara mia sita. Ukanijibu kwamba kumbukumbu zisizobadilika zinatia shaka. Tangu hapo, kila Ijumaa naandika "baridi kiasi".

2. Kitabu cha pili ni cha watu waliolikaribia tanuu: jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na kiasi kilichowaingia mwilini. Huku kwetu tanuu halipangwi na mtu mmoja. Wanawake hubeba mawe kwa nyimbo, wanaume hupanga, na wote hupikiwa. Watu mia na arobaini na tatu nimewaandika, na kwenye kiasi nikaweka "sahani moja ya wali". Mwinshehe, jirani yangu, nilimwandikia sahani tatu kwa kuwa napenda ukweli. Ikaja barua kwamba amepita kipimo na asilikaribie tanuu kwa mwaka mzima. Sasa nyumba yake iko hatua kumi kutoka kwenye tanuu, na kwa kutii amri yako amehamia kwa wakwe zake Zinga. Wakwe wameniandikia kuuliza ataondoka lini.

3. Kitabu cha tatu chataka tukio lolote lisilo la kawaida liripotiwe siku hiyo hiyo. Mwezi wa Septemba mbuzi wa Mwinyijuma alipanda juu ya magogo. Niliripoti, kwa nakala tatu. Ukaamuru mbuzi huyo awekwe chini ya uangalizi, asichinjwe wala asiuzwe mpaka taarifa yake ifungwe. Bwana Mkaguzi, mbuzi yule alikuwa wa akika ya mjukuu wa Mwinyijuma, naye hana mwingine. Mtoto alipaswa kunyolewa siku ya saba, mbuzi akichinjwa. Leo ana miezi mitano na nywele zake zote. Bibi yake, Mwanaharusi, amesema mbele ya watu kwamba mwalimu aache kuandika mambo ya mbuzi, kwani kitoto kikianza kusema kitamuuliza huyo mwalimu wembe uko wapi. Mimi nimemjibu kwamba taarifa iko mezani kwako, na mbuzi ananenepa.

4. Vitabu vyote vihifadhiwe miaka arobaini baada ya tanuu kuzimwa, na jina la mhifadhi litajwe. Mimi nina miaka sabini na moja. Kwa kuwa sikutaka kudanganya, nilitaja Rakibu na Atidi, malaika waandishi, ambao hawajapata kupoteza karatasi. Ulitaka sahihi zao.

5. Na hili ndilo kubwa. Kitabu cha nne chasema kitakachobaki baada ya moto kizikwe mahali pasipofikika na watu kwa miaka mia. Kitakachobaki baada ya moto ni chokaa. Ndiyo tunayoitaka. Bi Tabia, fundi wetu wa kuwasha, aliposomewa ukurasa huo aliuliza kama na wali nao tukishaupika tuuzike na kula kuni.

Kwa sababu hizo tumeafikiana kuomba yafuatayo. Kwa kuwa tumetimiza masharti yote ya atomiki, tunaomba tupewe kibali cha atomiki chenyewe, na cha chokaa usihangaike nacho tena. Miezi saba tanuu letu halijavuja, halijalipuka, wala joto halijapanda hata kidogo, na ushahidi upo kwa maandishi. Sidhani kama wa Ulaya wanaweza kuonyesha mfano huo. Umeme tutaufikisha Zinga, ili Mwinshehe asikae gizani ugenini, na taa ya kwanza tutaifunga juu ya meza yako upate kuiona vizuri taarifa ya mbuzi.

Nisalimie makarani wote, mpiga chapa, na mama watoto nyumbani. Wazee wa hapa wanakusalimu, na Mwinyijuma anakusalimu mara mbili.

Wako mtiifu,
Mwinyimvua bin Kombo
Mwandishi wa Tanuu

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, tarishi wako Ausi akafika na kibali cha chokaa, kimetiwa sahihi na mhuri. Bi Tabia atawasha Alhamisi, inshallah. Basi hayo ya juu yaache. Lakini Ausi ametuambia kwamba watu wa Mbegani nao wamepanga tanuu, kubwa kuliko letu, na wanakusudia kuwasha Alhamisi hiyo hiyo bila kuandika hata mstari mmoja. Jambo hili ni la hatari sana. Naomba wasiruhusiwe mpaka wajaze vitabu vyote vinne, tangu ukurasa wa kwanza, na miezi saba naiona ni michache kwao. Ikiwa huna mtu wa kuwakagua, mimi nina nafasi siku zote isipokuwa Ijumaa.