Kitasa Kisichonijua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekuwa wa kwanza tena. Sekunde arobaini na mbili tangu habari ipandishwe mtandaoni kwenye Ukumbi wa Teknolojia, maoni yangu yalikuwa yameshakaa juu. Habari yenyewe: simu inayokunjwa mara tatu. Mara tatu! Kama leso. Nilibaki na tupa mkononi, mteja amesimama anangoja ufunguo wa kabati, nami nimepigwa na butwaa. Binadamu amefika wapi, jamani?

Nikaandika: "Nimeishika. Nzuri, ila nzito kidogo mfukoni." Humo naitwa Jicho la Tai. Saa nzima baadaye akaja yule Bila Haraka, adui yangu wa miaka minne, na adabu yake ile ya kuudhi. Akasema simu hiyo bado haijatoka kiwandani, je, mwenzetu aliishika wapi? Watu wakacheka. Nimemjibu kwamba kuna watu na viatu.

Habari kubwa zaidi: Mchangiaji wa Mwezi atapewa tiketi mbili za maonyesho makubwa ya teknolojia, Jumamosi ya tarehe 15. Kila kitu kitakuwepo, na kushika ni ruhusa. Kushika! Humu nitasema kweli, maana hakuna anayesoma: katika yote niliyoyatolea maoni kwa miaka minne, sijagusa hata kimoja. Simu yangu ina ufa kutoka kona hadi kona, na haiingizi chaji mpaka iegemezwe kwenye kopo la sukari. Nazitaka tiketi hizo kuliko chakula.

Nina pointi 312. Bila Haraka ana 309. Mke wangu ameuliza tiketi ya pili ni ya nani. Nimesema tutaona. Nafikiria kiti cha pili niweke begi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekutana na kitu!

Duka langu liko chini ya ngazi za jengo la ofisi. Leo daktari wa meno wa ghorofa ya tatu alishuka na boksi jeupe. Ni mama wa makamo, sauti ya chini, hasemi neno mpaka amalize kulifikiria. Mwaka huu nimemchongea funguo saba na zote kazipoteza. Sasa amechoka, amenunua kitasa cha kidole. Hakina ufunguo mlangoni, unaweka kidole kinafunguka. Akaniomba nikifunge kwenye mlango wa kliniki yake Jumamosi, ila boksi nisilifungue mpaka aje mwenyewe. Nikamwambia dokta asiwe na wasiwasi.

Akapanda ngazi. Nikafungua boksi.

Masalale! Cheusi, laini, kizito kama mtoto aliyelala. Hakuna tundu la ufunguo linaloonekana. Miaka ishirini na miwili nimeishi kwa matundu ya funguo, na hapa pana kitasa kisicho na tundu! Ningepaswa kukichukia, kitaniua njaa. Nimeshindwa. Nilikipangusa kwa shati langu.

Jioni, bahati gani hii, Ukumbi ukatoa habari ya vitasa hivyohivyo. Nikawahi: "Mimi ninacho nyumbani, mwaka wa pili sasa. Mlango wangu unanijua kuliko mke wangu." Laiki themanini na nane! Bila Haraka akaja, polepole kama kawaida, akasema watu waulize kwanza kabla ya kununua, kwa sababu vitasa hivi huwakataa wenye vidole vilivyosagika kwa kazi. Nikamwandikia: mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mhariri wa Ukumbi ameniandikia mimi binafsi! Amefurahishwa na uzoefu wangu wa miaka miwili. Anaomba picha: kitasa kikiwa mlangoni kwangu, na kidole changu kikifungua. Mwisho kesho usiku. Picha hiyo ndiyo itakayoamua tiketi.

Jasho.

Baadaye: nimepata njia. Kitasa kipo dukani, kimekaa bure hadi Jumamosi. Nakipeleka nyumbani, nakifunga, napiga picha, nakifungua, nakirudisha kwenye boksi. Daktari hatajua na kitasa hakitalalamika. Kuazima si kuiba.

Mke wangu ameuliza boksi ni la nani. Anafanya kazi maktaba, kwa hiyo hata kugomba anagomba kwa kunong'ona. Nimesema mteja kanipa nikijaribu. Mama mkwe, tunayekaa naye tangu mwaka jana, akasema nguo ya kuazima haisitiri, akataja na kisichositiriwa, mbele yangu mimi mkwe wake! Nilitazama ukuta.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefunga duka saa sita mchana. Nimeng'oa kitasa changu cha zamani na kupanua tundu la mlango kwa drili, vumbi la mbao hadi kwenye birika. Saa tisa kimekaa. Nikabonyeza. Mwanga wa bluu ukazunguka polepole, kisha sauti ya mwanamke, tamu, tulivu, ikasema: "Karibu. Weka kidole." Nilivua kofia. Wallahi, nilivua kofia.

Nikaweka dole gumba. "Jaribu tena."

Nikaweka cha shahada. "Jaribu tena." Nikaweka vyote kumi, kimoja kimoja. Nikanawa kwa sabuni. Nikapaka mafuta. Nikafuta mafuta. "Jaribu tena," kwa upole uleule, bila kuchoka, na hapo ndipo nilipotaka kulia. Nikavipeleka vidole dirishani kwenye mwanga. Havina kitu. Hakuna mstari hata mmoja, laini kama mgongo wa kijiko. Miaka ishirini na miwili ya tupa na shaba imevila, na mimi sikuwahi kutazama.

Mama mkwe akatoka jikoni kuuliza huyo mwanamke anayeongea na mimi ni nani. Nikamwonyesha. Akaweka dole gumba lake aone tu. Kengele ikalia! "Karibu, msimamizi mkuu." Kumbe wa kwanza kusomeka ndiye bosi, na wengine wote huingizwa kwa kidole chake. Akamwingiza mke wangu aliporudi, kikampokea. Akaniingiza mimi mara sita. Unajua kilichosema.

Picha nimepiga hata hivyo. Mama mkwe alivaa shati langu na saa yangu, akaweka gumba. Amelalamika kwamba shati linanuka grisi. Mkono umetokea vizuri, wa kiume kabisa. Nimetuma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi picha ilitoka. Laiki mia mbili na nne kabla sijanywa chai! Bila Haraka akauliza swali moja tu: namba iliyo ubavuni mwa kitasa hicho inaishia na ngapi? Kwenye picha haisomeki. Nikawahi, sekunde tisa: inaishia 417. Akanyamaza. Nikajua nimemmaliza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini wahenga hawakuwa na intaneti.

Saa nne nilikuwa peke yangu nyumbani. Mke wangu kazini, mama mkwe sokoni. Nilishashika bisibisi nikiondoe, tena nilikuwa nimetoka kuoga, nina taulo na singlendi. Nikasema kwanza nikitazame kwa nje, jua likikipiga. Nikatoka. Kilipendeza! Nikarudi nyuma hatua mbili nikione kizima. Mlango ukajifunga wenyewe taratibu. Klik. Mwanga wa bluu. Hakuna aliyeugusa! Nilipiga makofi kabla sijaelewa.

Kisha nikaelewa.

Ufunguo wa dharura upo, wa tundu lililofichwa kwa chini. Uko ndani ya boksi. Boksi liko mezani. Meza niliiona vizuri kupitia dirishani, na nondo za dirisha nilizifunga mwenyewe, kazi safi sana. Majirani wakaanza kukusanyika. Kitasa chochote cha mtaa huu nakifungua kwa dakika nne na waya, na kila mmoja analijua hilo, maana wote nimewafungulia. Jirani fundi bomba akasema kinyozi hajinyoi. Nilijaribu waya, kisu, kadi ya maktaba, vyote vya kuazima kwa majirani. "Jaribu tena." Lo, kitasa gani hiki! Hata nikiwa na aibu hiyo yote, moyo wangu ulikuwa unakipigia saluti.

Saa sita watu wakapisha njia. Daktari wa meno. Alikuta duka limefungwa, akaulizia ninakokaa. Mkononi ana karatasi ya dhamana ya kitasa chake. Akasoma namba ubavuni, akasoma karatasi, akanitazama mimi na taulo langu. Akasema kwa ile sauti ya chini: "Habari za mchana, Jicho la Tai."

Nikaanza kueleza mambo matatu kwa pamoja. Akaninyooshea kiganja. "Bila haraka, fundi."

Ndipo nikajua.

Tulingoja mama mkwe kwenye kizingiti nusu saa. Alipofika na kapu lake aliweka gumba, mlango ukafunguka, akamkaribisha mgeni chai kana kwamba mkwe kukaa nje na taulo ni jambo la kila Ijumaa. Wakazungumza, wakacheka. Mama mkwe akanitaja kwa methali moja tu, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nami nikiwa nimeshavaa suruali, nilikaa pembeni nikishika kikombe.

Daktari hakupaza sauti. Alisema kitasa kifungwe kliniki kwake kesho, na niandike ukweli Ukumbini kwa mkono wangu. Kisha akatazama ndani ya kikombe. Akasema endapo angeshinda zile tiketi, ya pili alikuwa amepanga kumpa fundi wake wa funguo. Hakujua mimi ni nani kule mtandaoni. Alisema hajapata kuona mtu anayetazama hata boksi la kitasa kwa mapenzi kama mimi nilivyolitazama lile siku ya Jumanne. Alikuwa aniambie kesho, kazi ikiisha.

Sikuweza kula.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kitasa kimefungwa kliniki. Ilibidi mama mkwe apande hadi ghorofa ya tatu kumkabidhi daktari usimamizi. Alivaa viatu vyake vya harusi. Waliagana kwa kushikana mikono kama mawaziri.

Ukweli niliuandika mara kumi na moja, kila mara unatoka mrefu na mimi natoka mzuri. Mwisho nikabakiza huu: "Kitasa si changu. Nilikichukua bila ruhusa. Kidole ni cha mama mkwe. Vyangu havisomeki, Bila Haraka alisema kweli." Nikatuma, nikaificha simu chini ya mto.

Nilipoitoa, laiki mia sita na arobaini! Sijawahi! Dobi mmoja kaandika vyake havisomeki pia. Mwashi. Mama anayesugua masufuria hotelini. Mmoja baada ya mwingine, watu ambao mashine zimewaambia wajaribu tena, nao walidhani wako peke yao duniani. Nilisoma yote nikiwa nimekaa sakafuni.

Kumbe ukweli unapendwa hivi! Kesho nitauongezea chumvi kidogo, niseme nilizaliwa bila vidole kabisa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mhariri kanifuta pointi zote. Sifuri. Mchangiaji wa Mwezi: Bila Haraka. Tiketi ya pili anampa mama mkwe.

Nimempongeza mama mkwe. Nilipiga ukuta ngumi moja ndogo, bafuni.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Ameondoka asubuhi kwa vile viatu. Nimekaa dukani siku nzima bila mteja wa maana, nasikiliza ngazi.

Amerudi saa kumi na mbili jioni, mguu unamuuma, macho yanang'aa. Nilimwekea maji ya kukanda miguu, nikakaa chini mbele yake, nikamwomba asiruke kitu. Hakuruka. Ile simu ya kukunjwa mara tatu ameikunja mwenyewe! Nikamuuliza uzito. Akasema kama sahani ya bati. Kioo ambacho ukisimama mbele yake kinakuonyesha umevaa nguo usiyonayo. Mashine inayokunja shuka. Mke wangu aliacha kusuka nywele akawa anasikiliza mdomo wazi.

Kisha akasema kulikuwa na meza ya vitasa. Akamuuliza kijana wa pale: mkwe wangu vidole vyake vimeliwa na kazi, je, yeye alale nje? Daktari wa meno akasimama pembeni, akalirudia swali mpaka akaitwa mkubwa wao. Wakawaonyesha kitasa kisichosoma kidole. Kinasoma kiganja, mishipa ya damu iliyo ndani, ambako tupa haifiki. Yule mkubwa alisema mkono wa fundi husomeka vizuri sana, kwa kuwa mishipa yake imenenepa. Mama mkwe alisema maneno hayo, akaushika mkono wangu, akaugeuza juu, akaonyesha palepale kwa kidole chake cha usimamizi.

Nikalia mbele ya mkwe wangu na sijali. Ipo mashine duniani inayoweza kunijua.

Nikatoka nje kupunga upepo. Simu ikalia. Ukumbi umepandisha habari: "Yaliyojiri kwenye maonyesho." Dakika haijaisha. Maoni: sifuri.

Nikaandika: "Nilikuwepo. Safu ya mbele. Nimeweka kiganja changu mwenyewe kwenye kile kitasa cha mishipa, kikanijua mara moja." Sekunde thelathini na nane. Wa kwanza! Rekodi yangu ya maisha.

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Bila Haraka alijibu papo hapo. Maneno mawili: "Jaribu tena."

Nimejaribu tena. Nimebadilisha, nimeandika safu ya pili.