Kamera Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Kamera imekufa! Au iko njiani. Asubuhi nimebonyeza kitufe, lenzi ikatoka nusu, ikaguna kama mzee anayeinuka kitini, ikarudi ndani. Kioo kikaandika: hitilafu ya lenzi. Nikabonyeza tena. Ikaguna tena. Mara ya tatu haikujisumbua hata kuguna.

Nikasikitika kwa muda unaostahili. Dakika moja hivi. Tumeishi pamoja miaka kumi na moja, si haba. Kisha nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikacheza.

Huu ndio wakati wangu! Shemeji, mdogo wake mke wangu, alinunua kamera mpya mwezi uliopita na tangu hapo haijashuka shingoni mwake, hata wakati wa kula. Na Jumamosi hii wakwe zangu wanatimiza miaka arobaini na mitano ya ndoa. Mpiga picha wa ukoo ni mimi. Nikitokea na haka kakobe kangu, yeye akatokea na mtambo wake, cheo kimekwenda.

Kikwazo ni kimoja. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na ana sheria: humu ndani hakinunuliwi kipya mpaka fundi aseme cha zamani hakitengenezeki. Nikamwambia kipya kinyemi ingawa kidonda. Akasema nikipeleke kidonda kwa fundi.

Sawa. Fundi ni binadamu, na binadamu huzungumzika.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa kamera ana kibanda chini ya ngazi za jengo la maktaba. Watu humwita Daktari. Amejifunga miwani ya kukuza vitu kwa mpira wa suruali, na ukutani zimening'inia kamera zilizofumuliwa matumbo.

Nilikwenda nimejiandaa. Sura ya msiba niliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikamwambia familia tumeshapokea, hatuna kinyongo, ninachotaka ni karatasi yenye mistari miwili tu kwamba mgonjwa ametutoka. Na muhuri, kama anao.

Akaiweka kamera sikioni. Akaitikisa mara mbili, kama mtu anayesikiliza kama kiberiti kina njiti. Kisha akaniinulia jicho, kubwa kama kisahani, akaniuliza nani aliyeniambia imekufa.

Ana sheria na yeye! Mji mzima una sheria isipokuwa mimi. Yake ni hii: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kamera mpya yenye nguvu kama hiyo, tunazika. Yasipofika nusu, tunatibu. Na hii, anasema, haikaribii nusu hata kwa mbali.

Nikakohoa. Nikamuuliza kwa adabu kama hawezi kukosea hesabu, leo tu. Akaniambia nirudi keshokutwa.

Jumatano, 5 Machi

Saa ya chakula nikatoroka masjala. Mafaili hayakushtuka. Nikaenda duka la kamera, kuangalia tu.

Iko pale! Nyeusi, kwenye kabati la kioo, peke yake kama bibi harusi. Dada muuzaji akaniwekea mkononi. Uzito wake! Mlio wake! Akaniuliza hupiga picha gani. Nikasema za familia. Akauliza niliyo nayo inanisumbua nini. Nikafikiri. Nikasema ni nzito ya kuelewa: unabonyeza, inatafakari, ndipo inapiga. Akauliza kingine. Kingine sikukipata. Nikamwambia maswali yake yanaingilia mambo ya nyumbani, nikaondoka na heshima yangu.

Jioni shemeji akapita, mtambo shingoni. Anasema unapiga picha ishirini kwa sekunde moja. Nikamuuliza zile kumi na tisa ni za nini. Akanitazama kwa huruma.

Kisha akatoboa siri: kumbe mama mkwe ana ombi lake. Miaka arobaini na mitano, na hana hata picha moja ya wao wawili ambayo baba mkwe amefumbua macho. Ni kweli tupu. Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa mizani, wafanyabiashara wakilitetemekea jicho lile, lakini mbele ya kamera hufumba kama mtoto anayesubiri sindano. Kwenye picha ya harusi yenyewe anaonekana amelala wima. Mama mkwe amemwomba mwanawe ajaribu. Picha ishirini kwa sekunde, anasema shemeji, mzee atajificha wapi?

Hoja nzuri. Niliichukia papo hapo.

Na mimi hakuniomba! Miaka kumi na moja nimempiga mzee akiwa amefumba, bila malalamiko.

Alhamisi, 6 Machi

Maafa. Imepona.

Daktari amebonyeza, lenzi ikatoka yote, laini, kimya, kama haijawahi kuugua. Ametenga chanzo cha ugonjwa juu ya karatasi nyeupe. Chembe ya biskuti. Akaniuliza kama huwa nakula karibu nayo. Nikasema hiyo lazima ilitoka nayo kiwandani. Akanipa masharti: ikae kwenye mkoba wake, mbali na chakula. Na niache kuichimbia kaburi, akaongeza, maana iko siku nitaingia mwenyewe.

Ikabaki dawa ya mwisho. Ajali.

Sebuleni hakuna mtu. Sakafu ya vigae, ngumu. Nikasimama katikati, nikaishika kamera mbele yangu, nikafumba macho, nikaachia vidole. Ikaanguka. Na mkono wangu wa kushoto, msaliti, ukaidaka chini ya goti! Mimi! Shuleni waliniweka golini siku moja tu, na hadi leo wanaisimulia. Kiwiko kikapiga chupa ya chai. Yenyewe haikuwa na wa kuidaka.

Mke wangu akaingia mbio. Akatazama vigae, chai, vioo, na mimi nimeinama nimeikumbatia kamera kifuani. Uso ukamlainika. Akasema hakujua kama naipenda kiasi hicho.

Nikachukua tambara, nikadeki.

Ijumaa, 7 Machi

Mkakati mpya, safi, hauna chembe ya ukatili. Nitaiuza. Kisichokuwepo hakitengenezwi.

Mteja ninaye: keshia wa ofisini, ambaye kwa muda mrefu anatafuta kamera ndogo. Saa ya chai nikaenda nayo dirishani kwake. Akataka kuona kama inaonyesha picha zilizopigwa. Nikarudi mwanzo wa kadi.

Ya kwanza: mwanangu, siku ya kwanza ya shule, hana meno mawili ya mbele. Leo ana ndevu. Ya pili: mke wangu amelala juu ya mitihani ya wanafunzi, kalamu nyekundu ingali mkononi, mstari mwekundu umepita shavuni mpaka sikioni. Nikacheka. Ya saba au ya nane: mama yangu mzazi, langoni kwake, anatupungia tambara la jikoni, anatuhimiza tuondoke tusije tukachelewa basi. Hatukuchelewa. Sikupata nafasi ya kumpiga nyingine.

Nikazitazama zote. Saa ya chai ikaisha, keshia akawa anagonga dirisha, anauliza tumeelewana au vipi.

Nikamwambia hapana, vidole vyake vina chumvi ya karanga. Akanijibu kwamba karanga anazokula ni zangu. Kweli. Hata hivyo nimeahirisha biashara hadi nihamishe picha, na kuhamisha picha kunachukua muda. Sababu ni za kiufundi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sherehe! Na mkakati wa mwisho: betri. Sijaichaji tangu itoke kwa Daktari. Itazimika mbele ya ukoo mzima, mke wangu akiwa shahidi, na kesho dada wa duka ananifungia mzigo. Niliondoka nyumbani napiga mluzi.

Sebule ya wakwe ilikuwa inang'aa. Mapazia yamefuliwa, viti vimesukumwa ukutani, viwili vimeachwa dirishani kwa ajili ya wenyewe. Mama mkwe amevaa gauni la buluu alilolishona kwa mkono wake. Baba mkwe yuko ndani ya suti, vifungo vyote vimefungwa, kama anayengoja kukaguliwa.

Shemeji akapanua miguu, akapiga. Trrrrr! Wakatazama. Mzee amefumba. Trrrrr! Amefumba. Wameketi, wamesimama, kwa taa, bila taa. Zikapita picha mia mbili. Kwenye chache jicho moja lilikuwa limefunguka nusu, na hizo ndizo zilizotisha zaidi. Shemeji jasho linamtiririka mpaka kwenye mtambo. Nikajisikia vizuri sana, kwa muda.

Mama mkwe akasema basi, mwanangu, pumzika, mimi nimeshamzoea akiwa amelala. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini akalinyoosha gauni magotini, akalinyoosha tena palepale, na halikuwa na mkunjo. Mimi nilikuwa karibu. Niliona.

Mke wangu akanigeukia. Nikamnong'oneza kwamba yangu haina betri, ningefanyaje. Akaninong'oneza kwamba ameichaji alfajiri, kwa sababu ananijua.

Nikaitoa. Shemeji akaguna kuliko ilivyowahi kuguna kamera.

Wakwe wakaketi. Dirisha lilikuwa nyuma yao, mwanga unaichanganya mashine. Nikabonyeza. Kile kimraba cha kijani kinachotafuta nyuso kikamtafuta mzee, kikampoteza, kikaenda kwenye pazia, kikarudi. Nikashikilia kidole palepale. Baba mkwe amefumba macho kwa nguvu, ndita zimejaa.

"Bado?" akauliza, amefumba vilevile.

"Bado, Baba."

"Sasa hiyo mashine inafanya nini?"

"Inafikiri, Baba."

"Inafikiri!" Akafumbua macho. Yote mawili! Yale ya ukaguzi! Akainama mbele kidogo aione vizuri mashine inayofikiri. "Muda wote huo inafikiri nini?"

Mama mkwe akamgeukia mumewe, akaangua kicheko.

Tak.

Kamera ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia mama mkwe ikakaa. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akaifuta kioo kwa upindo wa gauni. Halafu akamwambia mumewe, polepole, kama wako peke yao, "Haya. Huyu sasa ndiye niliyeolewa naye."

Baba mkwe akaikagua picha kwa makini. Akatangaza haina kasoro.

Shemeji akanivuta pembeni kuniuliza niliiweka kwenye mpangilio gani. Nikamwambia huo ni uzoefu, haufundishiki.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amepiga simu mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya kwanza kushukuru, mara ya pili kuuliza nitaisafisha picha kwa ukubwa gani, mara ya tatu hakuwa na la kusema, alicheka tu. Anaitaka kubwa, ya kutundika mkabala na mlango, ili kila anayeingia atazamwe na mzee.

Mke wangu amepika leo kama nimerudi kutoka safari ndefu. Ameniuliza, kwa upole wa mwalimu, basi kamera ya zamani ni ya kutengenezwa au ya kubadilishwa? Nikamjibu ya kutengenezwa, mke wangu, ndivyo nilivyosema tangu Jumatatu. Akanitazama muda mrefu, kisha akaniongezea nyama.

Nimeufuta mkoba wa kamera ndani na nje. Nimeihamishia kabati la juu, mbali na biskuti. Nimeapa: mimi na yeye mpaka kifo kitutenganishe. Jumapili nzuri kuliko zote tangu mwaka uanze.

Jumatatu, 10 Machi

Ajabu! Ajabu ya mwaka!

Saa sita shemeji kaja masjala, uso mrefu kama foleni. Hajalala vizuri tangu juzi. Anataka tubadilishane. Mtambo wake, na mkanda wake, na kitabu chake cha maelekezo, kwa kakobe kangu. Anaamini siri iko kwenye mashine. Maskini!

Nikajifanya siwezi. Nikataja kumbukumbu, machozi, undugu. Nikamtesa dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani, nikiogopa asije akaghairi. Kisha nikakimbilia nyumbani kuileta, nikarudi nahema, nikamkabidhi. Picha za zamani nimezihamisha zote kwanza, mimi si mjinga. Akaondoka ameikumbatia. Nikamwonea huruma hata nikashindwa kuimaliza chai.

Jioni mke wangu aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari, akaona kilichoning'inia shingoni mwangu. Nikamweleza kwa kirefu. Akaniuliza sasa mpiga picha wa mama ni nani. Nikamwambia ni mimi, kwa kasi zaidi. Akafumbata kalamu. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao, akarudi kwenye madaftari yake. Sikuelewa mikeka imeingiaje hapa. Kuchoka, nadhani.

Lakini mtambo! Sijawahi kushika kitu kizuri namna hii. Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia tatu na sioni haja ya kukifungua. Mtu wa uzoefu huongozwa na vidole. Nimegusa vitufe vitatu, na sasa maandishi yote ya kiooni yamegeuka lugha nisiyoijua. Herufi nzuri sana, zimepindapinda. Inaonekana ya kisasa zaidi hivi.

Imeniuliza swali. Swali refu, lenye alama nyekundu ya mshangao. Chini yake kuna vijisanduku viwili, nadhani ndiyo na hapana.

Nimebonyeza cha kulia. Mwanamume hasiti.