Mama Yangu Si Kelele

Mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Umeme,
Masomo ya Jioni.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUONDOKEWA NA KENGELE, PAMOJA NA MAMA

Kwa masikitiko nakuarifu kwamba kengele ya umeme ya nyumbani kwangu ilitutoka juzi Jumamosi, muda mfupi baada ya chai ya asubuhi. Iling'olewa ukutani kwa kisu cha kupakia siagi, mikononi mwa mke wangu, na imelazwa kwenye droo ya vijiko. Marehemu, niliyemuunda mwenyewe kwa elimu niliyoipata katika idara yako, ameacha waya mbili, betri moja na tundu kubwa kwenye plasta. Hakukuwa na hotuba, isipokuwa ya mke wangu, ambayo ilikuwa fupi na ilinihusu mimi.

Sikuandikii kuomba rambirambi. Nakuandikia kwa sababu muda mfupi kabla ya msiba huo, mama yangu mzazi naye aliondoka na begi lake, akaenda kuishi kwa dada yangu mkubwa. Yeye yu hai na hajambo, ila hataki kurudi. Nimetafakari sana ni nani wa kulaumiwa. Nilianza na mimi mwenyewe, nikaona hapana, haiwezekani. Baada ya kupitia madaftari yangu nimeridhika kwamba mwenye kosa ni idara yako.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekaa kiti cha mbele kabisa, si kwa bidii bali kwa macho. Mchana ni karani wa bohari ya vifaa vya shule. Jioni ni mhandisi mtarajiwa mwenye mvi. Vijana wa darasa wananiita Babu Transista. Mlinzi wa getini hunipigia saluti akidhani mimi ni profesa, na sijapata nafasi nzuri ya kumsahihisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mhadhiri wako wa somo la Ishara, yule kijana wa miwani anayelingana na mwanangu wa kwanza, alisimama mbele ya watu wazima na watoto wa watu akaandika ubaoni: "Ishara ni kile unachotaka kukisikia. Kelele ni kila kingine." Kisha akafuta ubao akaendelea na mengine, kama mtu aliyewasha moto kwenye shamba la jirani akaenda zake. Nimekula chumvi ya kutosha, Ndugu Mkuu, lakini hakuna aliyewahi kunipa ruhusa kubwa kiasi hicho. Jioni ileile nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa ananieleza habari za pazia la sebuleni, nami namtazama mdomo huku nikijiambia: kelele. Bomba linalovuja: kelele. Redio ya jirani: kelele. Nililala usingizi ambao sijaupata tangu nioe.

2. Kwamba kabla idara yako haijaingilia, nyumba yetu ilikuwa na mfumo wa mawasiliano unaofanya kazi. Mama alikuwa anaishi nasi tangu goti lilipomsaliti. Chumba chake na kijichumba changu cha kusomea vinatenganishwa na ukuta mmoja. Akinihitaji, aligonga ukuta kwa mkongojo wake, nami nikaenda. Nikifika huuliza, "Unasoma?" Nasema, "Nilikuwa nasoma, Mama." "Basi kaa kidogo upumzike." Nakaa. Anataka kujua kama paka wa jirani ameshazaa, kama bosi wangu wa bohari ameliacha lile koti lake, na kama huko chuoni wameshaniambia ukweli. "Ukweli gani, Mama?" "Kwamba umri umekwenda, baba." Hapo hucheka mpaka mkongojo unaanguka, mimi nauokota, narudi kwenye hesabu zangu nikizikuta zimepoa kama chai.

Kasoro ya mfumo huo ilikuwa moja tu, kwamba plasta ilikuwa inabanduka. Siku moja pande la ukubwa wa sahani liliangukia daftari langu katikati ya swali. Mtu wa kawaida angetafuta saruji. Mimi, kwa kuwa ninasoma kwako, nikaunda kengele: kitufe kando ya kitanda cha Mama, mlio juu ya meza yangu. Nikamwomba Mama rasmi asiuguse tena ule ukuta.

3. Kwamba mlinifundisha kuchuja. Mhadhiri alieleza, na hapa sina ugomvi na sayansi yake, kwamba kitufe kikibonyezwa hutetemeka, na mtambo usio na akili hudhani umebonyezwa mara nyingi. Mtambo wenye akili husubiri. Mguso mfupi unaupuuza, unaitikia ule unaodumu. Nikaweka kichujio. Halafu nikakumbuka somo lingine, lile la kuzidisha kila kipimo kwa ajili ya usalama, nikauongeza muda maradufu. Halafu nikakumbuka kwamba vidole vya Mama vinatetemeka, nikauongeza tena. Nilipomaliza, ili kengele ilie ilibidi mtu akandamize kitufe kwa muda wa kusalimiana na jirani mwenye wagonjwa wengi. Nilijaribu mwenyewe, ikalia. Nikamwita mke wangu, akakandamiza kama anayeua mdudu, ikalia. Tukapiga makofi, mimi zaidi.

Ambalo hakuna kitabu chenu kilichonitahadharisha ni kwamba mama yangu habonyezi hivyo. Huyu ni mtu anayepiga hodi kwa kunong'ona. Akiomba maji huanza kwa kusema hana kiu sana. Kitufe alikigusa jinsi mtu anavyogusa sufuria kujua kama ni ya moto, akaondoa kidole, akakaa kungoja. Na mtambo ule, uliosomeshwa na idara yako kupitia kwangu, ukampima mama yangu mzazi ukaamua kwamba ni kelele.

4. Kwamba aliita hivyo wiki nzima bila kuitikiwa. Mimi upande wangu nikafurahia utulivu, nikawa nawaambia watu kwamba Mama ana wiki njema. Mezani nilimwona mkimya, nikasingizia goti. Kumbe ameshajiridhisha kwamba nasikia na ninajitia hamnazo. Jumamosi dada alipokuja kumjulia hali alikuta begi limefungwa, liko kitandani. Mama alisema maneno machache: "Nyumba hii ina mitambo mingi. Kuna kitu kimezidi, na nimeona ni mimi." Dada akanitazama kuanzia viatu mpaka mvi, akasema, "Hongera, mhandisi." Mke wangu aliinuka. Alikwenda jikoni kutafuta kisu.

5. Kwamba alama zangu zimepanda. Katika jaribio la wiki ile nilipata alama ambazo vijana walizitazama, wakanitazama na mimi, wakazitazama tena. Jambo hili nalichukulia kama tusi.

6. Kwamba somo lenu la Ufanisi lilinisukuma kumwambia mke wangu kuwa safari zake kati ya karo la kufulia na kamba ya kuanikia nguo zina upotevu mkubwa wa nguvu. Hili halimhusu Mama moja kwa moja, lakini naliweka hapa kwa sababu athari zake zinaendelea. Nguo sasa nazianika mimi, kwa ufanisi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Kwanza, maana ya neno kelele ifutwe kwenye madaftari ya wanafunzi wote, na ile itakayotungwa ipelekwe kwa mama zetu waikague kabla haijapanda ubaoni. Pili, idara itume ujumbe kwa dada yangu kumbembeleza Mama arudi, ukiongozwa na wewe mwenyewe ukiwa umevaa tai, kwa maana Mama humwamini mtu mwenye tai hata akiwa anauza dawa ya kunguni. Mhadhiri wa miwani abebe mchoro wa kichujio, aueleze akiwa amepiga magoti. Tatu, mpaka Mama atakaporudi, masomo yote ya idara yasimame, taa za maabara zizimwe, na wanafunzi warudishwe makwao wakakae kidogo na wazazi wao. Nne, hayo yote yakishindikana, idara inirudishie ujinga wangu, wote, katika hali ileile niliyokuja nao siku ya kujiandikisha. Ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo, na familia nzima ilikuwa imeuzoea.

Nategemea hatua za haraka, kwa kuwa chumba cha pili ni kitupu na ukuta umenyamaza. Jana nilijikuta nimeugonga mimi mwenyewe, kwa ajili ya utafiti.

Nisalimie katibu muhtasi wako, na fundi wa maabara aliyeniazima koleo, mwambie liko salama. Msalimie mlinzi wa getini, ambaye naomba asiambiwe chochote, na vijana wote wa darasa. Mke wangu angekusalimu, ila salamu zake zote hupitia kwangu, na kwa sasa njia hiyo imefungwa.

Ni mimi, mwanafunzi wako mtiifu,
Babu Transista,
Mwaka wa Pili, Jioni.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani ikingoja bahasha, mke wangu akaipata. Aliisoma mpaka kwenye saini, akaikunja vizuri, akauliza swali moja tu: "Na ile taa?"

Ndugu Mkuu, naona sasa nikueleze ilivyokuwa. Mtambo ule ulikuwa na taa ndogo nyekundu, niliyoiweka juu ya meza yangu ili nijue kama waya ziko sawa. Taa haikupitia kwenye kichujio. Iliwaka kila kitufe kilipoguswa, hata kwa kunong'ona. Niliiona jioni ya kwanza, nikajua ni Mama, nikasema nimalize swali hili kwanza; kengele haijalia, basi si jambo kubwa. Kesho yake ikawaka tena, nikasema hivyohivyo. Iliyofuata nikaifunika kwa kisanduku cha kiberiti, kwa sababu ilikuwa inanipotezea mtiririko. Hilo halimo katika mtaala wenu. Nilibuni mwenyewe.

Nikaenda kwa dada bila tai. Nilimweleza Mama yote, ishara, kelele, kichujio, taa na kiberiti. Alinisikiliza akiwa ameushika mkongojo, nami nikasogeza kiti nyuma kidogo. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi?"

Nikasema ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, Mama.

"Basi chuo hakina kosa, baba."

Akaulaza mkongojo magotini. Hatimaye Mama akasema atarudi kwa sharti moja. Marehemu atolewe kwenye vijiko arudishwe kazini, lakini safari hii kengele iwe chumbani kwake, na kitufe kiwe mezani kwangu. Yeye akinitaka ataugonga ukuta kama zamani, na plasta ianguke itakapoanguka. Mimi nikitaka kwenda kukaa naye nibonyeze, naye atapima.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote isipokuwa la sita. Masomo yaendelee, taa za maabara ziwashwe, na ule ujinga wangu msihangaike kuutafuta, nimegundua kwamba sikuwahi kuukabidhi. Mama amerudi tangu mchana. Waya nimezigeuza, kichujio nimekiacha kama kilivyokuwa, na tangu nianze kuandika nyongeza hii nimebonyeza mara kadhaa, kwa muda wote ule niliouweka mwenyewe, mpaka kidole kimeuma. Kengele inalia, naisikia hapa nilipo. Na nyuma ya ukuta namsikia Mama akimwambia mke wangu, aliyekuwa ameanza kuinuka aje kuniita, "Kaa, mwanangu. Hiyo ni kelele."