Koti la Dakta Yohane na Mawe ya Kwemtindi

Yusufu Shehoza,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Kijiji cha Kwemtindi,
LUSHOTO.
11 Januari 1993

Mkuu wa Idara ya Saikolojia,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KOTI JEUPE

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, mimi ni mzima wa mwili ila moyo umechafuka. Mwezi uliopita ulituletea mtafiti wako, Dakta Yohane, aje achunguze kwa nini binadamu humtii mkubwa hata akiamriwa upuuzi. Tulimpokea vizuri, akala hata jogoo wangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, Ndugu Mkuu, na mwenyeji ndiyo kwanza anaumwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua za vuli zilikata barabara yetu kwenye kona ya chini ya msikiti. Lori la kabichi haliwezi kupita kwenda Mombo. Nikapiga baragumu la msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe tuzibe shimo kwa pamoja kama walivyofanya baba zetu. Nilisimama pale na mke wangu Mwanahawa tu, naye alikuja kwa sababu ndiye aliyebeba chai. Jirani yangu Anord alisema siku hizi ni vyama vingi, balozi ni wa chama, na yeye bado anachagua chake. Mwajuma akasema kabichi ni zake lakini barabara ni ya serikali. Mwingine, simtaji jina kwa kuwa ni shemeji yangu, alisema hili ni soko huria, barabara nayo ijitegemee.

2. Wiki hiyohiyo Dakta Yohane akasimama kona ileile, amevaa koti jeupe, kalamu mfukoni. Akawaamuru watu wahamishe mawe kutoka upande wa chini wa barabara kwenda wa juu. Walipomaliza, akawaamuru wayarudishe. Hakupiga baragumu wala hakutoa sababu. Ndugu Mkuu, walikuja wote! Anord alibeba jiwe ambalo kwa haki lilihitaji punda. Mwajuma alibeba lake na mtoto yuko mgongoni. Shemeji alipothubutu kuuliza mawe haya ni ya nini, Dakta alimjibu kwa upole kwamba utafiti unamtaka aendelee, naye akasema shikamoo, akaendelea. Shikamoo! Dakta ni kijana wa juzi, shemeji ana wajukuu. Niliona aibu mpaka nikatazama pembeni. Mawe yenyewe yamebaki yamerundikwa palepale kando ya shimo.

3. Koti hilo nililichunguza Dakta alipolivua ili anawe. Kifuani limetariziwa kichwa cha ng'ombe. Zakia, anayeuza mitumba Mombo, amenihakikishia kwamba makoti ya namna hiyo huja kwenye marobota, na huko Ulaya huvaliwa na wenye mabucha. Kwa hiyo watu wangu, walionikatalia mimi niliyezaliwa nao, wamemtii muuza nyama wa Ulaya ambaye hata hajui Kwemtindi iko wapi.

4. Kabichi zinaoza. Hili si la kucheka. Mwanahawa amelima bonde zima kwa mkono wake, na binti yetu Latifa anategemea kabichi hizohizo arudi shule. Kila asubuhi mama yake huteremka kuziangalia, kisha hurudi kimya. Ukimya huo naujua, na unaniuma kuliko matusi.

Kwa sababu hizo naomba nitumiwe koti hilo mara moja, na kichwa cha ng'ombe kisifumuliwe, maana huenda ndicho chenye nguvu. Naomba pia mabalozi wote wa tarafa wapewe makoti ya kufika kiunoni, katibu tarafa apewe la kufika magotini, na ya wakubwa wa juu yake yaburute chini ili kila raia ajue amtii nani zaidi. Watu wengine wapigwe marufuku kuvaa nguo nyeupe, isipokuwa maharusi na maiti.

La mwisho, ripoti yenu isiniweke miongoni mwa hao watiifu. Mimi sikubeba hata kokoto. Natumia akili, na amri isiyo na sababu hainiingii.

Nisalimie walimu wote wa idara, makarani, na mama anayewachemshia chai. Dakta Yohane mwambie kuku waliobaki wanamsalimia kwa mbali.

Wako asiyetii ovyo,
Yusufu Shehoza

Tanbihi: Tafadhali mhimize Dakta arudi upesi. Siku ya kuondoka aliniambia nililinde lile rundo la mawe, jiwe lolote lisiguswe mpaka aje apime. Sikumwuliza anapima nini, kwani alikuwa amevaa koti. Nipo hapa hadi leo, na barua hii naiandikia juu ya jiwe. Asubuhi hii Anord, Mwajuma na shemeji wamekuja na majembe kwa hiari yao, Mwanahawa akiwaongoza, wakitaka mawe haya wazibie shimo kwa sababu lori limefika ng'ambo ya shimo linasubiri. Nimewafukuza wote. Mwanahawa ameyatazama mawe mara moja. Amegeuka akaenda zake, na chai ameondoka nayo.