Makofi Matatu kwa Dada Viti

Fundi cherehani wa jirani anaapa kwamba alimwona Mheshimiwa Mwenyekiti mchana kweupe, suti na tai, amejitwika viti vya plastiki kichwani. Fundi huyo hutia chumvi hata kwenye salamu. Lakini siku hiyo Dada Viti alikuwepo, na kwa ushahidi wake fundi amepunguza.

Kisa kilianza pale Kamati ya Kudumisha Moyo wa Kujitolea ilipotangaza matokeo ya utafiti wa kina: wanaojitolea kwenye hafla wanatoroka kwa kukosa makofi ya kutosha. Suala la chakula na mahali pa kukaa lilijadiliwa, likaonekana ni la pembeni. Wajumbe walilijadili wamekaa, wanakula.

Dada Viti, mpanga viti wa kila hafla, alikuwa mjamzito, miguu imemvimba kama mito.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba nikae kidogo tu."

"Marahaba, binti yangu. Anayejitolea akikaa, moyo nao unakaa. Jamani, makofi matatu kwa dada."

Akapigiwa.

"Sasa haya nitayakaliaje?" alimnong'oneza mwenzake, mgawa maji.

"Yakunje mara mbili, shoga, yatakuwa laini."

Watu wakazidi kutoroka. Kamati ikaongeza dozi: Siku ya Kuwaenzi Wanaojitolea, wote waalikwe kama wageni wa heshima. Na kwa mujibu wa mwongozo wa Kamati yenyewe, mgeni wa heshima hagusi kazi hata kwa kidole.

Siku ikafika. Wageni wa heshima wakaja wamependeza, wakasimama mlangoni. Ukumbi mtupu, viti vimerundikwa nyuma ya jengo, waziri aliyealikwa yuko njiani. Mwenyekiti akawatazama wajumbe wake. Wajumbe wakatazama simu zao.

"Dada Viti, mwanangu, kazi hii si unaijua wewe?"

"Naijua, Mheshimiwa. Ila leo mimi ni mgeni. Mwongozo unanibana."

Basi Mwenyekiti akabeba. Dada Viti akapokea viwili vya mwanzo: kimoja akakalia, cha pili akapumzishia miguu. Kila Mwenyekiti alipoingia na mzigo alipigiwa makofi matatu, bila kupunjwa. Wajumbe wake ndio waliowahi kukaa, nao wakapiga kwa nguvu kuliko wote.

Viti vikaisha. Mwenyekiti akabaki wima, tai imelowa jasho, anakitazama kile kiti chenye miguu ya Dada Viti juu yake. Akasogea, akainama.

"Binti yangu, naomba nikae hapo kidogo tu."