Mchoro wa Amplifaya Niliosahau Kuugeuza

Ndugu zangu tuliosoma ufundi pamoja, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. Shati ninalo na suruali ninayo, lakini ni kama sina. Nawaandikia jua likiwa bado lipo, kabla hamjasikia habari hizi kutoka kwa mtu wa Nyamisangura ambaye atakuwa ameshazitia chumvi.

Hali yangu mnaijua. Hapa Nyarero kila mwenye mikono miwili analima shamba la kijiji, asubuhi mpaka saa sita. Mimi pia. Mchana ndio nakaa kutengeneza redio za watu. Nimechoka. Kuna siku nilisinzia huku nalehemu, nikaamshwa na harufu ya ndevu zangu mwenyewe zikiungua.

Basi mwezi uliopita nikapeleka ombi kwa Mzee Marwa, mwenyekiti wetu wa kijiji: kazi yangu ya ufundi ihesabiwe badala ya zamu ya shambani. Nikaongezea kwamba mgongo unanisumbua. (Mgongo haukuwa na neno lolote. Mniwie radhi.) Mzee aliutazama mgongo wangu.

"Mura," akasema, kama anavyowaita vijana wote, "kijiji kinataka amplifaya ya mikutano. Tutengenezee. Ikisema vizuri mbele ya watu, ombi lako nalipeleka kwa wajumbe siku hiyohiyo."

Nikakubali mbiombio. Sikujua kwamba mteja akiwa kijiji, wateja ni watu mia tatu. Nilichora bodi ya kwanza, yenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Mzee akarudi kusema wanataka viwili, kimoja cha maiki, kingine cha redio. Nikachora ya pili. Akarudi tena na sanduku. Fundi seremala alikuwa ameshalimaliza bila kuniuliza, sanduku zuri la mninga, matundu mawili mbele, na juu yake maandishi ya rangi nyeupe: MAIKI kushoto, REDIO kulia. Ilibidi bodi ifuate matundu. Nikachora ya tatu, na katibu wa kijiji akataka pia taa nyekundu ili ipendeze.

Mnakumbuka kazi yenyewe ilivyo. Unachora njia za umeme kwenye karatasi, unanakili upande wa shaba, unapaka njia zako rangi ya kucha, kisha unaitumbukiza bodi kwenye dawa inayokula shaba. Palipopakwa hapaliwi. (Rangi ya kucha nilinunua mwenyewe, dukani Tarime mjini, nyekundu. Muuzaji akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya kijiji.)

Sasa, vifaa hukaa juu ya bodi na shaba iko chini. Ukichora kama mtu anayetazama kutoka juu, lazima uigeuze karatasi kabla ya kunakili. Usipoigeuza, cha kushoto kinahamia kulia. Mwalimu wetu alitupigia kelele za jambo hili moja miaka miwili mizima. Lakini siku ile nilikuwa nimetoka kupalilia, macho yanajifunga yenyewe, nikanakili karatasi ilivyolala.

Na bodi ilijaribu kuniambia. Transista zote sita zilikataa kufanya kazi. Nikamlaani aliyeniletea kutoka Migori, nikazing'oa, nikazipachika zikiwa zimegeukia upande wa pili, zikakubali. Fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini transista sita ziwe na ugonjwa mmoja. Mimi nilimshukuru Mungu. Nikaijaribu kwa maiki peke yake, vitufe vyote viwili vikiwa wazi, maana betri za redio hazikuwapo dukani mwezi mzima.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulifunga spika ya tarumbeta juu ya paa la ghala la kijiji, ikaelekea uwanjani walikokaa watu. Mimi nilikuwa ndani ya ghala na sanduku langu mezani, betri ya trekta miguuni. Alikuwapo hata mgeni, mwenyekiti wa kijiji jirani. Mzee Marwa akasimama mlangoni na maiki, akasalimia, na sauti ikatoka safi kabisa. Bibi mmoja wa mbele akahamisha kigoda chake nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, nikajisikia mtu.

Akahutubia saa nzima. Kisha akasema, "Wajumbe tutasogea pembeni tuzungumze ombi la fundi. Ninyi kaeni hapohapo."

Akanirudishia maiki, akatoka. Nikaiweka mezani mbele yangu, nikazungusha kitufe cha MAIKI kurudi nyuma mpaka mwisho, ili kuizima. Nikaegemea gunia la mahindi. Mke wangu Ghati akaingia na uji kwenye kibuyu.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Ndio wanazungumza. Naona watakubali."

"Wakubali, na huo mgongo mzima hivyo?"

"Mgongo wangu unaweza kubeba dume la ng'ombe. Ilibidi niseme kitu."

"Punguza sauti, watu wako nje."

"Nimeshaizima. Hata nikiimba hawasikii."

Nje watu wakacheka. Nikajua kuna mtu ametoa kichekesho. Nilisikia pia kama sauti inayoyarudia maneno yangu kwa juu, nikasema moyoni, huu uchovu sasa umefika masikioni. (Hapa ndipo mtu mwingine angenyamaza.)

"Wakinipa ruhusa," nikaendelea, "jembe nalitundika ukutani, walime wao. Mzee Marwa mwenyewe analima? Anasimama mwanzo wa shamba anatuhesabu. Jembe lake bado lina rangi ya dukani."

Kicheko cha safari hii kilitikisa mabati. Ghati akachungulia mlangoni. Alipogeuka, uso wake haukuwa ule alioingia nao.

"Baba Mwita," akasema polepole, "wote wanaangalia juu ya paa."

Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha pili, kilichoandikwa REDIO. Nikakizungusha, na ile sauti ya juu ikakatika. Hapo ndipo nilipouona mchoro wote kichwani, kushoto kumekaa kulia, cha REDIO ndicho cha maiki. Transista sita nazo nikazielewa. Nilitamani kuingia ndani ya gunia.

Mzee Marwa akaingia. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, nikamwamkia tena kama mtoto kwa baba yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Tumekusikia, mura. Hata waliokaa kule mwisho." Akaugusa ubao wa sanduku. "Amplifaya ni nzuri. Kijiji kinakushukuru."

"Na ombi?" (Msiniulize nilipata wapi uso wa kuuliza.)

"Ombi hatukulijadili. Wajumbe walikuwa wanakusikiliza wewe. Kesho saa kumi na mbili njoo mstari wa kwanza, tulime pamoja. Nitakuja na lile jembe langu."

Akatoka taratibu, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ghati alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Nikaanza kufungua nyaya, nikitaka nifike nyumbani kabla uwanja haujatawanyika, ndipo yule mgeni, mwenyekiti wa kijiji jirani, akaingia. Akainama juu ya sanduku, akaviangalia vitufe vyote viwili kwa makini.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu akizungusha hapa penye MAIKI, anaamini ameizima?"

"Ni kosa langu, mzee. Kesho nitachora upya."

"Usichore. Nataka na mimi unitengenezee, iwe hivihivi." Akatazama nyuma yake kwanza. "Nina katibu wangu pale, nataka nijue huwa anasema nini."

Kwa hiyo jembe ninalo na mteja mpya ninaye. Kila nikitoka shambani nitakaa kunakili kosa langu kwa uangalifu mkubwa, nisije nikalikosea. Aibu ninayo mpaka kisimani sitaki kwenda. Tafadhali msinicheke. Tangu nianze ufundi huu, hii ndiyo bodi ya kwanza ambayo mteja ameipokea bila kuniambia nichore upya.